Makundi ya Galaksi: Mzigo Umefichwa au Mizani Ndiyo Mbovu?

KARANI MSTAAFU WA USHIRIKA, NKWENDA: Mwalimu, unawafundisha watoto wetu kwamba zaidi ya robo tatu ya uzito wa kundi la galaksi ni kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona wala kukinasa. Mimi nimeshika daftari la chama cha msingi tangu kahawa ya maganda inapimwa kwa mizani ya kuning'iniza. Mizani ikisoma kilo 1,000 huku sakafuni naona magunia mawili, yapo mambo mawili tu. Ama kuna magunia yamefichwa mahali yakingoja kuvushwa Mto Kagera kwa magendo, ama mizani imechezewa. Ninyi watu wa fizikia mmekimbilia la kwanza bila kuikagua mizani.

MWALIMU WA FIZIKIA, KAYANGA: Imekaguliwa, Mzee, tena na watu waliotamani sana iwe mbovu. Lakini tuelewane kwanza juu ya mzigo wenyewe. Nikisema kundi la galaksi usiwaze Kilimia. Kilimia ni nyota zilizomo humuhumu ndani ya galaksi yetu, Njia Nyeupe, na nuru yake hutumia miaka 440 hivi kutufikia. Mimi nazungumzia galaksi nzimanzima, kila moja na nyota zake mabilioni, zilizokusanyika mamia kwa maelfu mahali pamoja. Kundi la Coma lina galaksi zaidi ya 1,000, na nuru tunayoipokea leo kutoka huko iliondoka miaka kama milioni 320 iliyopita. Mwaka 1933 Fritz Zwicky, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi California, alichunguza mwendo wa galaksi za Coma. Zinakimbia huku na huku kwa kasi ya karibu kilometa 1,000 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, kama kingekuwepo kile kinachoonekana tu, kundi lingekwisha kutawanyika zamani sana. Halijatawanyika. Zwicky akasema ipo maada tusiyoiona, na uvutano wake ndio unaozishika galaksi zisikimbie.

KARANI: Alisema ni mara ngapi ya ile inayoonekana?

MWALIMU: Alipata kama mara 400.

KARANI: Na leo mnasema ngapi?

MWALIMU: Leo tunasema maada yote kwa jumla ni kama mara sita ya maada ya kawaida. Enzi za Zwicky umbali wa galaksi ulikuwa unakadiriwa vibaya. Zilidhaniwa ziko karibu kuliko zilivyo, hivyo nuru yake ikahesabiwa kuwa ya nyota chache.

KARANI: Kutoka 400 hadi sita! Msaidizi wangu angeniletea marekebisho ya namna hiyo, ningemwomba aache funguo za ghala mezani.

MWANAFUNZI WA FIZIKIA, MZALIWA WA MURONGO: Shikamoo babu. Shikamoo Mwalimu. Kuna jambo mnaliruka. Umbali ulisahihishwa, ni kweli, lakini sehemu nyingine ya pengo lile ilizibwa na kitu tofauti kabisa: mzigo ulipatikana. Na chombo kilichoupata kilirushwa kutoka hapa kwetu Afrika Mashariki.

Tarehe 12 Desemba 1970, kwenye jukwaa la San Marco ambalo Waitalia walilisimamisha baharini karibu na Malindi, roketi ya Scout ilipandisha setilaiti ya kilo 140 hivi. Siku hiyo Kenya ilikuwa inaadhimisha miaka saba tangu ijitawale, na mkuu wa mradi upande wa NASA, Marjorie Townsend, akaiita setilaiti hiyo Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu, kutafuta mionzi ya eksirei inayotoka angani. Mionzi hiyo haifiki ardhini, hewa inaizuia, ndiyo maana kwa miaka yote ile hakuna darubini ya mlimani iliyoweza kusema lolote juu yake. Pwani ya Kenya ilifaa kwa sababu iko karibu na ikweta. Mzunguko wa Dunia unaisukuma roketi, na chombo kikizunguka juu ya ikweta hakipiti katikati ya eneo la mionzi mikali lililo juu ya Atlantiki ya Kusini, ambalo lingevuruga vipimo.

Timu ya Riccardo Giacconi ilipoelekeza Uhuru kwenye makundi ya Coma, Perseus na Mashuke, ilikuta yanang'aa kwa eksirei. Mng'ao ule haukutoka kwenye galaksi moja moja, ulikuwa umetanda kundi zima. Ni gesi, ina joto la nyuzi milioni kumi hadi mia moja, na imejaa katika nafasi tuliyoidhani tupu. Ukiipima unakuta ina uzito mara kadhaa ya nyota zote za kundi zikijumlishwa. Giacconi alipata Nobel mwaka 2002.

KARANI: Umenisaidia sana, mjukuu wangu. Kumbe sehemu ya ule mzigo wa ajabu ilikuwa gesi tu! Hidrojeni na heliamu, vitu vinavyofundishwa kidato cha pili. Haikuonekana kwa sababu hakuna aliyekuwa na chombo cha kuitazamia. Basi subirini chombo kingine. Kilichobaki nacho kitakuwa cha kawaida, na nusu ya vitabu vyenu itafutwa.

MWALIMU: Mzee, gesi hiyo ni shahidi wangu mimi, si wako. Gesi yenye joto la nyuzi milioni mia moja haitulii. Kila chembe yake inakimbia kwa kasi kubwa, inatafuta mahali pa kutorokea. Ukijua joto lake na msongamano wake kuanzia katikati ya kundi hadi pembezoni, unaweza kukokotoa uzito unaohitajika kuizuia isivuje. Watu wamefanya hivyo kwa makundi mengi. Katika kila kilo 100 za kundi, nyota zote ni kilo chache, gesi ni kama 12 hadi 15, na zilizobaki, zaidi ya 80, hazitoi nuru wala eksirei wala mawimbi ya redio. Galaksi zinatoa jibu hilo kwa mwendo wake, gesi inalitoa kwa joto lake. Na yupo shahidi wa tatu. Einstein alionyesha kwamba uzito hupinda nuru. Galaksi zilizo mbali nyuma ya kundi tunaziona zimepindishwa na kuvutwa kama tao, na kiasi cha kupinda kinatupa uzito. Jibu ni lilelile.

(Niliyeandika mjadala huu naona hoja ya gesi ndiyo nzito kuliko zote zinazotolewa hapa, ingawa magazetini hausikiki sana wimbo wake. Picha za nuru iliyopinda zinavutia macho, lakini gesi inapimika kundi baada ya kundi bila kungoja bahati ya galaksi kupangana nyuma yake.)

KARANI: Mashahidi watatu, sawa. Lakini wote watatu umewapima kwa mizani ileile. Kasi ya galaksi umeigeuza kuwa uzito kwa sheria ya uvutano. Joto la gesi, sheria ya uvutano. Nuru iliyopinda, sheria ya uvutano. Ikiwa sheria hiyo inakosea kidogo kwenye umbali mkubwa, mashahidi wako watatu wanakosea pamoja, tena kwa kiasi kilekile, nawe unafurahi kwamba wanakubaliana.

Tena jambo hili si geni. Mwaka 1846 sayari ya Uranus ilikuwa haifuati njia iliyotabiriwa. Mfaransa Le Verrier akasema ipo sayari iliyofichwa inayoivuta. Wakaelekeza darubini, wakaiona Neptune. Hapo mzigo uliofichwa ulikuwepo. Baadaye Le Verrier huyohuyo akaona Utaridi nao hauendi sawasawa. Akasema tena, ipo sayari nyingine iliyofichwa karibu na Jua, wakaipa na jina, Vulcan. Wakaitafuta miaka mingi. Haikuwepo. Mwaka 1915 Einstein akaja na sheria mpya ya uvutano, na Utaridi ukaeleweka bila sayari yoyote ya ziada. Mtu mmoja, njia moja ya kufikiri, mara ya kwanza kapatia, mara ya pili kakosa. Utajuaje leo tuko kwenye Neptune au kwenye Vulcan?

MWALIMU: Hilo ni swali zuri, na silikwepi.

MWANAFUNZI: Wapo waliolijibu upande wa babu. Mwaka 1983 Mordehai Milgrom wa Israeli alipendekeza kwamba uvutano ukiwa hafifu sana hubadilika tabia. Kwa galaksi moja moja pendekezo lake linafanya kazi vizuri kiasi cha kuwaudhi wapinzani wake. Vera Rubin na wenzake walikuwa wameonyesha miaka ya 1970 kwamba nyota za pembezoni mwa galaksi zinazunguka kwa kasi kuliko inavyotarajiwa. Fomula ya Milgrom inaitabiri kasi hiyo kwa kutazama nyota na gesi peke yake, bila kuongeza chochote kilichofichwa.

KARANI: Umesikia, Mwalimu?

MWANAFUNZI: Sijamaliza, babu. Kwenye makundi ya galaksi fomula hiyo inakwama. Hata ukiitumia, uzito unaoonekana bado unapungua kwa karibu nusu. Milgrom mwenyewe amekiri kwamba ndani ya makundi lazima kuna kitu ambacho hatujakiona bado, anachodai ni kwamba kinaweza kuwa maada ya kawaida.

MWALIMU: Maana yake Mzee akibadilisha mizani, bado ana magunia ya kutafuta. Amelipia mara mbili. Na mwaka 2006 likaja jambo gumu zaidi kwake. Kuna makundi mawili yaliyogongana, wameyaita Bullet. Gesi za pande zote mbili zilikutana, zikasuguana, zikabaki nyuma katikati. Galaksi zimeachana nafasi sana, kwa hiyo zilipishana zikaendelea na safari. Darubini ya Chandra, inayotazama eksirei huko juu, imeipiga picha gesi pale ilipokwama. Lakini nuru iliyopinda inaonyesha kwamba sehemu kubwa ya uzito haipo kwenye gesi. Imepita pamoja na galaksi. Gesi ina uzito kuliko nyota zote za pale. Kama tatizo lingekuwa sheria peke yake, uzito ungeifuata gesi.

KARANI: Au ungefuata hicho kitu cha kawaida ambacho Milgrom anasema hakijaonekana.

MWALIMU: Kitu kisichoonekana, kisichosuguana na gesi, kinachopenya mgongano wa makundi mawili bila kupungua mwendo. Mzee, umeieleza maada ya giza, umekataa jina lake tu.

KARANI: Jina si tatizo langu. Tatizo langu ni kwamba mnaitafuta na hamuipati. Kule Dakota Kusini, Marekani, wameteremsha tani 10 za zenoni ndani ya uliokuwa mgodi wa dhahabu, kilometa moja na nusu chini ya ardhi, wakingoja chembe moja ya maada hiyo iguse. Mashine inaitwa LUX-ZEPLIN. Mwaka 2024 walitangaza matokeo ya siku 280. Hakuna kitu. Sisi wa Kyerwa tunajua machimbo. Bati lilianza kuchimbwa huku enzi za Waingereza, na hakuna mchimbaji anayesema shimo lisilotoa mawe yenye madini ni ushahidi kwamba madini yapo.

MWALIMU: Shimo moja kutokuwa na bati hakuthibitishi kwamba Kyerwa nzima haina. Wametafuta aina moja ya chembe, yenye uzito wa kiwango fulani. Zipo aina nyingine zinazowezekana. Na kwa kuwa umetaja bati, ujue na hilo lilitengenezwa ndani ya nyota za kale. Setilaiti nyingine iliyorushwa kutoka palepale San Marco mwezi wa Oktoba 1974, Ariel 5 ya Waingereza, ilisaidia kugundua chuma ndani ya gesi ya kundi la Perseus. Matokeo yalichapishwa 1976. Chuma kinazaliwa ndani ya nyota. Kwa hiyo sehemu ya gesi ile ilishapita kwenye galaksi, ikatupwa nje nyota zilipolipuka, ikashindwa kuondoka kwenye kundi. Imeshikwa na nini?

KARANI: Tumerudi palepale.

MWALIMU: Basi tuache kupima makundi yaliyokwisha kuwepo, tuulize yalizaliwaje. Hapo ndipo hoja yako inapata taabu kuliko mahali pengine popote, na hapo sihitaji Zwicky wala gesi.

Ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8. Tunayo picha yake ukiwa na miaka 380,000 tu, ndiyo mionzi ya kale ambayo Penzias na Wilson waliigundua mwaka 1965. Inatoka kila upande wa anga. Setilaiti ya COBE mwaka 1992 ilionyesha kwamba mionzi hiyo imelingana karibu kila mahali. Sehemu moja inazidi nyingine kwa kiasi cha 1 kwa 100,000 hivi. Hakukuwa na galaksi wala nyota wala kundi. Kulikuwa na gesi iliyotandazwa sawasawa, na mikunjo midogo mno.

Mikunjo hiyo ndiyo mbegu. Mahali palipozidi uzito kidogo palivuta cha jirani, pakazidi kuwa pazito, pakavuta zaidi. Lakini ulimwengu wenyewe ulikuwa unatanuka, na kutanuka kunapunguza nguvu ya kukusanyika. Hesabu yake inajulikana: ziada ya uzito hukua kwa kadiri ulimwengu unavyotanuka. Tangu wakati ule umetanuka kama mara 1,100. Chukua 1 kwa 100,000, zidisha kwa 1,100. Unapata kama 1 kwa 100. Maana yake, kwa maada ya kawaida peke yake, leo sehemu nzito zaidi ya ulimwengu ingeizidi sehemu ya kawaida kwa asilimia moja. Lakini kundi la galaksi linazidi wastani kwa mamia ya mara! Muda haukutosha. Kundi la Mashuke lisingekuwepo. Sisi tusingekuwepo kubishana.

KARANI: Kwa hiyo?

MWALIMU: Kwa hiyo kuna kitu kilichoanza kujikusanya kabla ya picha ile. Maada ya kawaida haikuweza, kwa sababu ilikuwa imefungamana na nuru. Ikitaka kujikusanya, nuru inaisukuma itawanyike. Maada ya giza haijali nuru. Ilikuwa imekwisha kutengeneza mabonde yake ya uvutano mapema, na gesi ilipoachana na nuru ikaporomokea humo, ikapoa, ikazaa nyota na galaksi. Kwanza vilikusanyika vipande vidogo, vikaungana vikawa vikubwa, galaksi zikatiririka kwenye nyuzi ndefu, na pale nyuzi zinapokutana makundi yakaota. Hata sasa kazi inaendelea. Mashuke bado inameza majirani zake.

KARANI: Lile la kwamba ziada hukua kwa kadiri ya kutanuka, nalo si linatoka kwenye sheria yako ya uvutano? Badilisha sheria, ukuaji unakuwa wa haraka zaidi.

MWALIMU: Badilisha, lakini ueleze na mionzi ya kale. Setilaiti ya Planck imeipima kwa undani wa kutisha.

MWANAFUNZI: Wamejaribu. Mwaka 2021 Constantinos Skordis na Tom Złośnik, walioko Praha, walichapisha nadharia ya aina ya Milgrom inayolingana na vipimo vya mionzi ya kale. Kabla ya hapo watu walikuwa wanasema haiwezekani.

MWALIMU: Nimeisoma. Wameongeza uga mpya ambao, ulimwengu ulipokuwa mchanga, unajiendesha kama vumbi zito lisiloonekana. Mzigo ni uleule. Na makundi ya galaksi bado hayajatatuliwa.

KARANI: Ninyi nanyi hadithi yenu ya vipande vidogo kwanza si ya tangu mwanzo. Miaka ya 1970 wataalamu wa Moscow walifundisha kinyume chake. Yakov Zel'dovich alisema vilianza vikubwa: kuta bapa za gesi, pana ajabu, ndizo zilizopasuka zikawa galaksi. Na mwaka 1986 Margaret Geller na wenzake walipochora ramani ya galaksi kama 1,100 walikuta nini? Kuta! Galaksi zimejipanga kwenye kuta, na katikati ni mapango matupu. Lile la Boötes, lililotangazwa 1981, upana wake ni miaka ya nuru karibu milioni 300. Ukitazama ramani ile bila kuambiwa kitu, utasema Mrusi alipatia.

MWALIMU: Kuta alizipatia. Mpangilio wa kuzaliwa ndio ulioshindikana. Ili kuta zitangulie, maada ya giza ilipaswa iwe chembe zinazokwenda kasi sana, kama nutrino, zinazofuta mikunjo midogo na kuacha mikubwa tu. Mwaka 1983 Simon White, Carlos Frenk na Marc Davis waliuigiza ulimwengu wa nutrino kwenye kompyuta. Galaksi zilijikusanya kupita kiasi, ramani haikufanana na anga. Wakaigiza na chembe nzito zinazokwenda polepole, njia ambayo James Peebles aliitetea, ramani ikafanana, kuta zimo na mapango yamo. Na anga yenyewe imeshuhudia. Darubini ya James Webb imeona galaksi iliyokuwepo ulimwengu ukiwa na miaka milioni 290 hivi. Mwaka 2023 ikaonyesha galaksi saba zilizoanza kukusanyika, ulimwengu una miaka milioni 650, kundi changa kabisa. Makundi makubwa yaliyokomaa yanakuja baadaye sana. Galaksi ni za kale kuliko kuta zinazokaa.

MWANAFUNZI: Isipokuwa mengine yanawahi mno. Mwalimu, unalijua El Gordo.

MWALIMU: Nalijua.

MWANAFUNZI: Babu, ni kundi lililogunduliwa kwa darubini ya Atacama, Chile, likatangazwa 2012. Nuru yake imesafiri miaka kama bilioni saba, kwa hiyo tunaliona ulimwengu ukiwa na nusu ya umri wake. Uzito wake ni zaidi ya Jua letu mara trilioni 2,000, na ni makundi mawili yanayogongana kwa kasi. Watetezi wa sheria mpya wanasema kwa hesabu za Mwalimu mnyama mkubwa hivyo hakupaswa kuwepo mapema vile.

MWALIMU: Mwaka 2021 uzito wake ulipimwa upya kwa darubini ya Hubble ukashuka.

KARANI: Ukashuka! Kila kundi linaloniunga mkono linapimwa upya linashuka.

MWALIMU: Na wale wanaodai ni zito kupita kiasi bado wanadai, hata baada ya kushuka. Sisemi limekwisha. Nasema kundi moja la ajabu haliangushi maelfu yanayokaa kwenye mstari.

KARANI: Utaridi ulikuwa sayari moja.

(Hapo Mwalimu alibanwa, sioni njia ya kusema vinginevyo.)

MWANAFUNZI: Niulize la kwangu, maana ninyi mnabishana juu ya kinachoshika, mimi nataka kujua mwisho wa kundi ni wapi. Sisi tumo katika kikundi kidogo, Njia Nyeupe, Andromeda na galaksi ndogo zaidi ya 50. Kikundi hicho kiko nje ya kundi la Mashuke. Mwaka 2014 Brent Tully wa Hawaii na wenzake walichora mpaka wa kundi kuu linalotubeba sote, wakaliita Laniakea, upana wake miaka ya nuru kama milioni 500, galaksi 100,000 hivi. Je, Laniakea ni kundi, au ni mstari uliochorwa na binadamu?

MWALIMU: Ni mkondo, si kundi. Galaksi zake zinaelemea upande mmoja, lakini hazitafika. Tangu 1998 tunajua kutanuka kwa ulimwengu kunaongezeka kasi, na sababu yake tumeiita nishati giza. Laniakea itachanika. Mashuke itabaki kwa sababu imeshikana. Sisi, kwa hesabu za sasa, hatutajiunga nayo. Kundi la kweli ni lile ambalo uvutano wake umekwisha kushinda kutanuka.

KARANI: Na nishati giza nayo umeiona wapi? Maada ya giza, sasa nishati giza. Na nimesoma kwamba vipimo vya 2024 na 2025 vya DESI, mradi unaochora ramani ya galaksi, vinaashiria huenda inapungua nguvu kadiri muda unavyokwenda. Ikipungua, hata hesabu yako ya nani atabaki na nani atachanika inabadilika.

MWALIMU: Ikithibitishwa, itabadilika. Nitaifundisha hivyo.

KARANI: Basi nijibu moja. Mashine ya Dakota Kusini imepanga kupima siku 1,000 hadi 2028. Ikimaliza bila kunasa chochote, utakubali umeshindwa?

MWALIMU: Nitakubali chembe ile si yenyewe. Sitakubali kwamba uzito haupo.

KARANI: Dai lisiloweza kuanguka si sayansi, Mwalimu.

MWALIMU: Linaweza kuanguka. Nionyeshe makundi yaliyogongana, kumi au ishirini, ambamo uzito umebaki na gesi. Nionyeshe sheria moja ya uvutano, bila uga wa ziada, inayoeleza mionzi ya kale, galaksi na makundi kwa namba zilezile. Nitafuta nilichoandika ubaoni. Wewe utaanguka lini?

KARANI: Siku nitakapoonyeshwa chembe yenyewe. Au fomula ya Milgrom ikipewa gesi yote na nyota zote za kundi, pamoja na kila kitu cha kawaida kitakachogunduliwa, na nusu ile iendelee kukosekana. Hapo nitasaini.

MWANAFUNZI: Basi wote wawili mnahitaji makundi mengi zaidi, na yanakuja. Chombo cha Euclid kilirushwa Julai 2023. Kituo cha Vera Rubin huko Chile kilitoa picha zake za kwanza Juni 2025, mojawapo ikiwa ya Mashuke, na kitapiga picha anga ya kusini kwa miaka kumi. Mwezi huohuo wa sita, saa mbili usiku, kwa kuwa tuko nyuzi moja na nusu tu kusini mwa ikweta, Mashuke iko karibu na utosi hapa Karagwe na Kyerwa, wakati ambao mvua zimekwisha na kule mbugani Ibanda hakuna hata taa ya kuharibu giza. Macho matupu hayazioni galaksi zake; darubini ndogo inaona chache, ikiwemo M87, ile ambayo shimo lake jeusi lilipigwa picha iliyotolewa 2019.

Uhuru ilirushwa kutoka ufuo wetu na kupewa jina la lugha yetu, lakini vipimo vyake vilisomwa Marekani. Siku hizi hakuna kisingizio hicho. Orodha ya galaksi ya mradi wa Sloan iko wazi bure kwenye intaneti. Galaxy Zoo imekuwa ikipokea wasaidizi wa kawaida tangu 2007, na mwaka huohuo mwalimu wa shule wa Kiholanzi, Hanny van Arkel, aliona wingu la gesi ambalo wataalamu walikuwa wamelipita. Shule ya sekondari yenye kompyuta moja inaweza kupakua kasi za galaksi za Coma na kuirudia hesabu ya Zwicky kwa umbali uliosahihishwa. Mwalimu, wape kidato cha sita kazi hiyo muhula huu, na babu aje kuikagua.